Mikono ikikosa kazi inarudi kichwani: mazoezi ya mwili na ugonjwa wa kung'oa nywele

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. Kuna ugonjwa ambao Kiswahili cha Lubumbashi bado hakijaupa jina. Mtu anang'oa nywele zake mwenyewe, moja moja, kwa vidole vyake, mpaka sehemu ya kichwa inabaki wazi. Wengine wanang'oa nyusi, wengine kope za macho. Hapendi kufanya hivyo, na kuacha hawezi. Ndani ya lupango watu wanaona upara, mkono hawauoni. Kwa hiyo kila mmoja anaupa jina lake: mapunye, damu chafu, dawa mbaya ya kulainisha nywele. Na pale ambapo mtoto ameshikwa na nywele zilizofichwa chini ya godoro, linakuja neno zito kuliko yote: uchawi.

Neno hilo si la mchezo katika nchi yetu. Kuna watoto Kongo waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya kusingiziwa uchawi, na nywele ni kitu ambacho wengi wanaogopa kukiacha ovyo ovyo, kisije kikaangukia mikononi mwa adui. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyehamia kwa shangazi yake baada ya vita, anayekutwa asubuhi na shungi la nywele mkononi, hana maneno ya kujieleza. Naye hajui kwa nini anafanya hivyo. Anachojua ni kwamba mkono ulipanda, kidole kikatafuta unywele ulio mgumu kuliko wenzake, akauvuta, na kwa dakika chache moyo ukatulia. Halafu aibu ikaingia.

Ni kwa ajili ya huyo msichana, na kwa ajili ya mama mtu mzima anayefunga kitambaa kichwani hata katika joto la Oktoba, kwamba jambo hili linafaa kusemwa wazi.

Waganga wanaujua siku nyingi

Ugonjwa huu hauna upya wowote. Mwaka 1889 munganga Mfaransa wa magonjwa ya ngozi, François Henri Hallopeau, aliuandika na kuupa jina kutoka Kigiriki: trikotilomania. Kwa muda mrefu uliwekwa pamoja na magonjwa ya kushindwa kujizuia. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani, katika kitabu chao cha kupanga magonjwa ya akili, waliuhamisha na kuuweka karibu na magonjwa ya mawazo na matendo yanayojirudia bila mtu kutaka. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka kati ya tabia za kujirudia zinazolenga mwili, pamoja na kujikwangua ngozi.

Hesabu zinazotajwa mara nyingi ni mtu 1 au 2 katika kila watu 100. Kwa kawaida unaanza kati ya miaka 10 na 13, umri ule ambao msichana anaanza kujiangalia sana kwenye kioo. Kati ya watu wazima wanaotafuta matibabu, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Lakini mwanaume anaweza kunyoa kichwa chote au kunyoa ndevu na hakuna atakayemwuliza kitu, kwa hiyo si rahisi kujua ni wangapi wanaojificha nyuma ya wembe.

Waganga wanatofautisha njia mbili za kung'oa. Ya kwanza ni ya kutojua: mtu anasoma, anaangalia simu, anasikiliza redio, amelala chali akisubiri usingizi, na mkono unafanya kazi yake peke yake. Anashtuka tu akiona nywele kwenye kikwembe. Ya pili ni ya kujua: kuna wasiwasi, hasira, huzuni au upweke, na mtu anaenda kung'oa kama vile mwingine anavyoenda kuvuta sigara. Watu wengi wanazo zote mbili.

Ni muhimu familia zilizohama zifahamu jambo hili. Vita havimpi kila mtu ugonjwa huu, na kuna wanaong'oa nywele ambao hawajawahi kusikia mlio wa risasi. Lakini shida na mawazo mengi vinauzidisha. Watu waliofika Lubumbashi kutoka Kivu, kutoka Tanganyika, au kutoka Mitwaba na Pweto, wanaishi na vitu viwili ambavyo mkono huu unavipenda: mawazo mengi na masaa marefu ya kusubiri. Kusubiri habari za ndugu. Kusubiri kazi. Kusubiri mwenye nyumba aseme leo tutakaa au tutatoka.

Kukataza hakusaidii

Jambo la kwanza ambalo kila familia hufanya ni kusema: acha. Mama anapiga mkono wa mtoto. Kaka anamcheka dada yake. Mume anasema ni ukaidi. Hakuna hata moja linaloponya, kwa sababu mwenye ugonjwa amejiambia neno hilo mara nyingi kuliko wote, na aibu anayoongezewa inamrudisha kwenye ule wasiwasi unaomfanya ang'oe.

Njia iliyoleta matunda ilielezwa mwaka 1973 na Wamarekani wawili, Nathan Azrin na Gregory Nunn. Wao hawakumwambia mtu aache. Walimfundisha mambo matatu. La kwanza, kujua: ni saa ngapi, ni mahali gani, mkono gani, na ni nini kinatangulia. La pili, kuupa mkono kazi nyingine ambayo haiwezi kufanyika pamoja na kung'oa, kwa mfano kukunja ngumi na kuikaza kwa dakika moja hadi tatu mpaka hamu ipite. La tatu, kuwa na mtu wa karibu anayekumbusha kwa upole na kusifu siku zinapoenda vizuri. Mpaka leo msingi wa matibabu ya ugonjwa huu ni huo.

Angalia lile la pili. Hamu ya kung'oa inapanda kama wimbi, inafika juu, na inashuka. Aliyeweza kuivuka dakika zile chache bila kung'oa ameshinda mara moja. Na hapo ndipo mazoezi ya mwili yanapoingia.

Mazoezi yanafanya nini

Ni vizuri kusema ukweli mapema. Uchunguzi juu ya mazoezi kwa wanaong'oa nywele bado ni mdogo, wa watu wachache, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba kukimbia kunaponya. Lakini faida ya mazoezi juu ya wasiwasi na huzuni imechunguzwa kwa watu wengi sana na inajulikana. Mwili uliochemka halafu ukapoa unaachia ule mkazo wa shingo, wa mabega na wa vidole. Usingizi unakuja haraka, kwa hiyo yale masaa ya kulala macho wazi na mkono kichwani yanapungua. Na wakati mtu anaruka kamba au anadaka mpira, mikono yote miwili ina kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kila wiki, na kwa mtoto na kijana dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Shirika hilo linasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna.

Hapa mama wa Katuba au wa Ruashi ana haki ya kucheka. Mazoezi? Yeye ameamka kabla ya jua, amebeba bido za maji, ametwanga sombe, amekwenda sokoni kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani. Mume wake amesukuma kinga yenye magunia ya makala kutoka mbali. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mwili wake unakosa mazoezi ni kumtukana.

Ana haki, lakini kuna jambo moja la kutazama: saa. Maji yanachotwa alfajiri. Sombe inatwangwa mchana. Hamu ya kung'oa inakuja saa mbili za usiku, umeme ukiwa umekatika, watoto wamelala, na mawazo yamepata nafasi. Kazi ya asubuhi ilishachosha mwili, lakini haikuwa pale wimbi lilipopanda. Tena kazi ile ina mawazo yake: je, pesa itatosha bukari, mwenye duka atakubali deni? Mtu anaweza kutwanga huku moyo unauma.

Kwa hiyo jambo la maana kwake ni kupata dakika chache za kuchezesha mwili katika saa ile mbaya yenyewe, na zifanyike kwa ajili ya kutulia, si kwa ajili ya mtu mwingine. Dakika kumi zikiwekwa pale adui anapopita zinaweza kumfaa kuliko saa nzima ya wakati mwingine.

Ndani ya lupango, bila pesa

Chukua mfano wa mama ambaye kwa wiki moja ameweka alama kwenye karatasi kila mara alipojikuta anang'oa. Mwisho wa wiki karatasi inasema: mara nyingi ni jioni akisikiliza habari, na mara nyingi ni usiku kabla ya kulala. Mchana karibu hakuna. Sasa anajua pa kuweka mlinzi.

Wakati wa habari, asikilize akiwa amesimama. Aweke mikono yake ukutani, aende mbele na kurudi nyuma kama anayesukuma gari lililokwama, mara kumi, apumzike, arudie. Au ainuke na kuketi kwenye kiti mara kumi na tano bila kujishika. Akichoka akae, lakini ashike kitu mkononi: mpira mdogo wa matambara ambao watoto wanachezea, au maharagwe ya kuchagua. Kabla ya kulala, anyooshe shingo, mabega na vidole taratibu, huku akipumua polepole. Hamu ikija ghafla mchana, akunje ngumi, akaze mpaka dakika ipite, kisha atembee kuzunguka lupango mara mbili.

Kwa watoto na wasichana kuna mchezo ambao hauhitaji kununua chochote: nzango. Kongo zote mbili zinaujua. Wasichana wanasimama wakitazamana, wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka na kutupa mguu. Mikono ina kazi, miguu ina kazi, mdomo una kazi, na macho yanamtazama mwenzake. Ni vigumu kung'oa nywele katikati ya nzango. Kamba ya kuruka nayo ni hivyo hivyo.

Wenye nguvu wanaweza kufanya futing. Asubuhi, hasa siku ya pumziko, makundi ya vijana wakikimbia huku wanaimba si kitu kigeni katika miji ya Kongo. Mwanamke asiende peke yake gizani. Angojee mwanga, aende na wenzake, achague njia yenye watu. Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi ni ya baridi na vumbi, kwa hiyo aanze polepole na kufunika kifua.

Lubumbashi ni mji unaopenda michezo, lakini mara nyingi kwa macho. Tout Puissant Mazembe, timu iliyozaliwa mwaka 1939, imechukua ubingwa wa vilabu vya Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ikacheza fainali ya dunia kule Abu Dhabi dhidi ya Inter ya Milano. Mwaka 2024 wanawake wa Mazembe nao wakawa mabingwa wa Afrika. Shabiki aliyeketi mbele ya televisheni, roho juu na vidole vikitafuta kichwa, anajua mkazo wa mchezo bila kupata dawa yake. Ushindi wa wale wanawake umeonyesha wasichana wa Kamalondo na Kenya kwamba uwanja ni wao pia.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kuna sababu nyingine ya kufanya mazoezi pamoja. Aibu ya ugonjwa huu inamtenga mtu. Anakataa kwenda kusuka, kwa sababu mwenye kusuka ataona. Na kusuka kwetu si nywele tu. Ni saa tatu za mazungumzo, ndipo wanawake wanapopeana habari za kazi, za nyumba ya kupanga, za mtu aliyetoka upande wa kwao. Anayekimbia kusukwa anakosa yote hayo, na aliyefika juzi katika mji mgeni anakosa mlango wa kuingilia.

Kundi la kutembea halitazami kichwa. Kila mmoja anaangalia mbele, kitambaa kinaruhusiwa, na maneno magumu yanatoka kwa urahisi zaidi kwa watu wanaotembea bega kwa bega kuliko kwa waliokaa uso kwa uso.

Kwamba wanawake waliokimbia vita wanaweza kusaidiana bila hospitali kubwa, jambo hilo limeonekana Uganda. Katika eneo la Rhino Camp, wakimbizi 694, wanawake wa Sudan Kusini, waliingia katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020. Nusu yao walikutana kwa makundi mara tano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa lugha wanayoielewa, juu ya kutuliza moyo wakati wa taabu. Waliowaongoza walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Baada ya miezi mitatu, mateso ya moyo yalikuwa yamepungua kwao kuliko kwa wale waliopata msaada wa kawaida tu. Mafundisho yale hayakuwa ya nywele wala ya kukimbia. Lakini yanaonyesha kwamba kikundi, sauti ya kusikiliza na saa iliyopangwa ni dawa ya kweli.

Mipaka

Mazoezi yana mipaka yake. Familia inayokula mara moja kwa siku isimlazimishe mtu kukimbia na njaa. Kunyoosha mwili na kutembea taratibu kunatosha. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa moyo au presha, aliyetoka kujifungua, amwone munganga kwanza. Na mazoezi yasigeuzwe adhabu: kumwambia mtoto aruke mara mia kwa sababu ameng'oa ni kumpiga kwa fimbo nyingine.

Kuna hatari moja ambayo haingojei. Baadhi ya wanaong'oa nywele huzimeza. Nywele hazisagiki tumboni. Zinakusanyika na kuwa donge, na donge likikua linaweza kuziba njia ya chakula. Mtoto anayeng'oa nywele na tena anaumwa tumbo, anatapika, anakonda au anashiba kwa matonge mawili ya bukari, apelekwe hospitali haraka, na munganga aambiwe wazi habari ya nywele. Wengine wamehitaji kupasuliwa. Hapo mkubwa akificha kwa aibu, anahatarisha maisha.

Pia si kila upara ni kung'oa. Mapunye yapo kweli, na tresi zinazokazwa sana zinaweza kuondoa nywele pembeni ya uso. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kutofautisha. Ikiwa ni kung'oa, na hasa ikiwa pamoja nako kuna kukosa usingizi, ndoto za vita au mawazo ya kujiua, Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, kazi ya Mabruda wa Upendo. Wengi wanaogopa mlango huo kwa sababu ya maneno ya majirani. Guislain mwenyewe alikuwa munganga wa Ubelgiji, aliyezaliwa 1797, aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Aliyeingia kwa sababu ya nywele hajaitwa mwenda wazimu na mtu yeyote wa maana.

Kinachobaki kwa familia

Unywele unakua karibu sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo hata mtu akiacha leo, kichwa hakitamshuhudia kabla ya miezi kupita, na mahali palipong'olewa miaka mingi pengine hapatarudi kama zamani. Katika miezi hiyo atashinda siku kumi, ataanguka siku ya kumi na moja. Kuanguka ni sehemu ya ugonjwa huu. Siku zile kumi hazifutiki, na ya kumi na mbili anaweza kusimama tena ukutani na kusukuma.

Familia haitakiwi kuhesabu nywele. Inatakiwa kuhesabu dakika walizotembea pamoja, na kuwa na neno dogo la siri ambalo mama au yaya atalisema mkono ukipanda mbele za wageni, bila kumwaibisha mtu. Shangazi aliyepokea mtoto wa vita anaweza kufanya zaidi ya hapo: siku atakapokuta nywele chini ya godoro, asiite mchungaji wala majirani kabla hajamwita mtoto mwenyewe, akae naye, amwulize mkono unapanda saa ngapi. Halafu jioni hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, watoke nje wote wawili na kamba ya kuruka.